Vikombe vya Usukani wa Baiskeli: Kuving'oa katika Fremu Kuukuu

Vikombe vya usukani ni bakuli mbili ndogo za chuma kigumu, moja juu na moja chini, zilizoshindiliwa katika bomba fupi la mbele la fremu ya baiskeli, ambamo gololi huviringika ili shina la uma wa mbele ligeuke kwa wepesi pasipo kuchezacheza. Havikuchomelewa wala havikufungwa kwa skrubu. Vimeshikwa na ubano peke yake, kwani kikombe hufanywa kiwe kinene kuliko tundu lake kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita hivi, na kwa sababu hiyo kuving'oa katika fremu iliyozeeka ni kazi itakayo nguvu na hadhari kwa pamoja.

Mahali pake katika Unyamwezi. Huko Ziba, wilaya ya Igunga, na katika nchi yote ya Wanyamwezi, ambao karne ya 19 walisifika kwa upagazi katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji, baiskeli ilirithi mizigo ambayo reli, iliyofika Tabora mwaka 1912, haikuweza kuifuata vijijini: magunia ya mpunga na mahindi, mkaa, madumu ya maji, na abiria vilevile. Zilizoenea ni zile nzito za breki za fito, kama Raleigh ya Nottingham, Phoenix ya Shanghai, na Hero na Avon za Ludhiana. Fremu zake za chuma hudumu miongo mingi, ilhali vikombe huchakaa mara kadhaa katika umri wa fremu moja. Basi kanuni ya kazi hii ni kwamba kikombe ni cha kutupwa na fremu ni ya kuhifadhiwa.

Dalili za uchakavu. Mshindo wa mashimo ya njia hugandamiza gololi katika kikombe hata zikachimba vishimo, na usukani ukawa unakwama kila ufikapo katikati; aidha vumbi la kiangazi na tope jeusi la mbuga huingia katika grisi na kuigeuza kuwa msasa. Fundi hushika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma. Pakisikika mgongano, sharti kwanza akaze nati ya juu, kwa maana kulegea peke yake si hoja ya kuving'oa vikombe.

Kufungua. Gurudumu la mbele hutolewa, na fito ya breki huachanishwa. Bolti ya usukani hulegezwa mizunguko michache, kisha kichwa chake hupigwa juu ya kipande cha ubao ili kabari iliyo ndani ya shina iachie. Hufuata nati ya juu, washa, na kikombe cha hesi, yaani kile kinachozungushwa juu ya shina la uma, huku uma umeshikwa kwa mkono na kitambaa kimetandazwa chini, ili gololi zisitawanyike kabla ya kuhesabiwa.

Kung'oa. Ukingo wa vikombe hutiwa mafuta ya taa au oili nyepesi na kuachwa usiku kucha, ili kutu ilainike. Kikombe cha juu hupigwa kutokea chini, na cha chini hupigwa kutokea juu, kwa ufito wa chuma uliopitishwa ndani ya bomba na kuegemezwa kwenye ukingo wa ndani wa kikombe. Chombo kilicho bora zaidi ni bomba jembamba lililopasuliwa ncha yake kwa msumeno wa chuma na kupanuliwa, ambalo likiisha kupita ndani hutanuka na kushika ukingo pande zote. Kwa ufito, mapigo yawe mepesi, moja upande huu na jingine upande wa pili, kwa kuwa kikombe kinachotoka kimepinda hulitanua tundu na kulipotosha duara lake, na madhara hayo, tofauti na kutu, hayana dawa nyepesi. Pete iliyo chini ya shina la uma hunyanyuliwa kwa tindo butu, vivyo hivyo kwa zamu.

Iwapo ukingo umelika hata ufito haupati pa kushika, mchomeleaji huweka mstari wa weldi ndani ya kikombe. Chuma kikipoa hunywea, na aghalabu kikombe hutoka kwa pigo dogo. Kukikata kwa msumeno ndani ya bomba kuwe shauri la mwisho, kwani meno yakipita kiasi huijeruhi fremu yenyewe.

Vipimo. Kabla ya kununua vingine hupimwa vile vya zamani, kwa maana vikombe vyenye kipenyo cha milimita 30.2 na vile vya 30.0 hufanana machoni. Raleigh za kale zina hesi 26 katika kila inchi ya shina, ilhali kipimo kilichoenea ni 24, na nati ya kipimo kimoja ikilazimishwa juu ya kingine huviharibu vyote viwili. Tundu lililotanuka huzungushiwa ukanda wa bati jembamba, nayo ni tiba ya muda tu. Vikombe vipya huingizwa kwa kuvutwa pamoja na bolti ndefu na washa pana, vikiwa vimenyooka, na baada ya siku chache za safari nati hukazwa tena, kwa kuwa vikombe vipya hukaa vema mahali pake vikiisha kubeba mzigo.