Joseph Ileo na Manifesto ya 1956

Historia ya kupigania uhuru wa Kongo husimuliwa kwa kawaida kwa majina mawili, Lumumba na Kasa-Vubu. Joseph Ileo hutajwa nyuma yao, na mara nyingi kwa lawama. Lawama hiyo ina msingi wake, lakini imefunika kazi aliyoifanya wakati ambapo kudai uhuru hadharani kulihitaji moyo.

Mwanzoni mwa 1956 vyama vya siasa havikuwapo. Wasomi wachache walijishughulisha zaidi na heshima yao wenyewe: mshahara, makazi, na cheti cha kuwatofautisha na umati. Ndipo Mbelgiji A. A. J. Van Bilsen alipopendekeza mpango wa miaka 30 wa kuifikisha Kongo kwenye uhuru, na wakubwa wa Ubelgiji wakamwona mtu asiye na busara. Ileo na wenzake wa gazeti la Conscience Africaine la Léopoldville, akiwamo Joseph Ngalula, walijibu katikati ya mwaka huo kwa kutoa Manifesto.

Lugha yake ilikuwa ya upole. Haikumtukana mkoloni, na muda wa miaka 30 haikuukataa. Hata hivyo ilidai ukombozi kamili, hata wa kisiasa. Ilitaka mpango wowote utungwe pamoja na Wakongomani wenyewe. Ilikataa jumuiya ya Wabelgiji na Wakongomani iliyobuniwa bila wao, na kuihesabu Kongo kuwa taifa moja. Upole, basi, ulikuwa katika mwendo. Dai lenyewe halikuwa dogo.

Tarehe 23 Agosti 1956 ABAKO ya Kasa-Vubu ilijibu kwamba ukombozi utolewe leo, bila kungoja miaka mingine 30. Kwa wiki chache tu Ileo akaonekana mzee wa jana. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba ABAKO ilipata la kujibu kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kusema. Udhaifu wa Manifesto ulikuwa mahali pengine: iliandikwa kwa Kifaransa, ikawafikia wanaosoma, na nyuma yake hapakuwa na watu waliojipanga. ABAKO ilikuwa na Bakongo. Ileo alikuwa na gazeti. Uchaguzi wa manispaa wa Desemba 1957, uliofanyika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ulidhihirisha kwamba nguvu imo katika vyama vya kikabila, jambo ambalo Manifesto ilitaka kulizuia.

Oktoba 1958 Ileo alishiriki kuunda MNC, chama cha taifa zima, lakini uongozi ulimwendea Lumumba. Baada ya ghasia za Léopoldville za tarehe 4 Januari 1959, hata mfalme Baudouin alitamka neno uhuru, na hesabu ya miaka 30 ikafa. Julai 1959 chama kiligawanyika. Ileo, Ngalula na Cyrille Adoula walikwenda upande wa Albert Kalonji, yule ambaye Agosti 1960 alitangaza kuitenga Kasai ya Kusini, na Ngalula akawa waziri mkuu wake. Ileo hakuwafuata, wakati huo alikuwa rais wa Seneti.

Tarehe 5 Septemba 1960 Kasa-Vubu alimwachisha Lumumba kazi na kumteua Ileo mahali pake. Siku tatu baadaye Seneti, baraza lilelile alilokuwa akiliongoza, ilipiga kura kuukataa uamuzi huo. Ileo hakurudisha uteuzi.