Mtoto wa Kupelekwa Shule: Jilore, na Shule Ndogo ya Marafiki Kule Pemba

Kila mwaka wanachama husoma katika kijitabu hiki hesabu ya fedha zilizotolewa kwa karo. Safari hii imeonekana yafaa kueleza jambo lililoitangulia karo yenyewe: mzazi wa zamani hapa Jilore alikuwa akitoa nini hasa alipomtoa mtoto wake kwenda kukaa kwa wageni? Wako wasemao kuwa wazee wetu waliikataa elimu kwa ujinga. Maneno hayo ni mepesi mno.

Misheni ya Jilore, karibu na mto Sabaki, ilianzishwa na wamisionari wa CMS yapata mwaka 1890. Kabla yake palikuwapo Fuladoyo, kijiji cha Wagiriama walioingia Ukristo pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Kiongozi wake, Daudi Koi, aliuawa mwaka 1883, na baadhi ya watu wa Fuladoyo ndio waliohamia Jilore. Basi tangu mwanzo misheni ilijulikana kuwa makao ya watoro. Tarehe 1 Januari 1889, kule Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza aliwapa hati za uhuru watoro zaidi ya 1,400, na mabwana zao wakalipwa fidia. Mtu aliyepewa hati hiyo hakuwa na mjomba wa kumwendea, wala kaya ya kumpokea. Misheni ndiyo iliyokuwa ukoo wake, na kumtia mtoto wake darasani hakukumpunguzia kitu.

Mgiriama mwenye ukoo alikuwa na hesabu nyingine. Mtoto wa miaka minane alichunga mbuzi, na mtama ulipoanza kukomaa aliamia ndege tangu alfajiri. Bonde la Sabaki lilitoa mahindi mengi yaliyouzwa Malindi na Takaungu, na jembe la kila mtu wa nyumba lilikuwa na thamani yake. Hata hivyo kazi haikuwa sababu kubwa kuliko zote. Katika miaka ya njaa kali, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho, wazazi wa Kimijikenda waliwaweka watoto rehani kwa watu wa pwani ili wapate nafaka. Makubaliano yalikuwa kwamba deni likilipwa mtoto hurudi. Wengine walirudi, wengine waliuzwa mbali wasionekane tena. Basi mgeni alipofika mjini kwa mtu na kusema, nipe mtoto wako akae kwangu, nitamlisha na kumvika, mzee alikuwa amekwisha kuyasikia maneno hayo. Sioni kwa nini tumwite mjinga kwa kuyakumbuka.

Kwa kupima jambo hili vema, na tuvuke bahari hadi Pemba. Huko walifika Marafiki, yaani wale Wakristo wa Uingereza waitwao Quaker, ambao husali kwa kunyamaza, hawali viapo, wala hawashiki silaha. Watu hawa walikuwa na sifa mbili zilizowapeleka Pemba. Kwanza, walikuwa wameupinga utumwa tangu karne ya 17 na ya 18. Pili, walipenda sana shule. Ile yao ya Ackworth, katika Yorkshire, ilifunguliwa mwaka 1779. Sultani wa Zanzibar alipotoa amri ya tarehe 6 Aprili 1897 ya kuiondoa hali ya utumwa katika sheria, Marafiki waliamua kwenda kuwasaidia watakaoachwa huru. Walinunua shamba la karafuu lililoitwa Banani, karibu na Chake Chake, na kwa miaka mingi msimamizi wao alikuwa Theodore Burtt.

Amri ile haikumfungua mtu yeyote usingizini. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na baada ya kuupata huenda akakosa nyumba na shamba la kulima. Banani palikuwa na kazi ya karafuu kwa ujira, na palikuwa na shule. Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka wanachama waione: mzazi alipokea mshahara mahali pale pale mtoto alipojifunza kusoma, na jioni walilala nyumba moja. Hakuna aliyekabidhiwa mtu. Hata hivyo shule ilibaki ndogo, kwa kuwa Wapemba wenyewe walikuwa Waislamu wenye vyuo vyao vya Kurani, na hawakuona haja ya kuviacha. Marafiki wa Marekani waliofika Kaimosi mwaka 1902 ndio waliopata watu wengi. Sababu zake ni habari ndefu ya upande wa magharibi, tusiiingilie hapa.

Huku Jilore hofu ya wazee ilizidi kupata nguvu. Serikali ilipotaka kodi, na halafu vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni, Mekatilili wa Menza alisimama mwaka 1913 akawaapisha watu wasitoe watoto wao. Alikamatwa mwaka huo akapelekwa mbali hadi Kisii. Mnamo Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, vita vikazuka, na waliokaa kaskazini ya Sabaki wakaamriwa kuhama. Mzazi aliyeona hayo hakuwa na njia rahisi ya kupambanua mzungu wa kalamu na mzungu wa kuandikisha vibarua. Wote wawili walimwomba kitu kimoja, nacho ni mtoto.

Serikali ya Kenya iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003. Lakini katika maombi yanayofika mbele ya halmashauri, wajumbe watakuta bado mzazi ameandika habari za mbuzi kabla ya kuandika habari za sare. Mstari huo usirukwe.