Kikao Ambacho Yeyo Hakuitwa

Jumamosi moja mwezi wa pili tulikaa chini ya tenti ya kukodi hapa Kisaju, wenye ploti kumi na tisa, na ajenda ilikuwa moja tu: geti. Tuweke geti kwenye njia inayotoka barabara ya Namanga, au tuache? Mwenyekiti akafungua kwa maombi, kisha akasema, "Jamani, hii ni foramu ya kila mtu." Mimi ndiye katibu. Walinichagua kwa sababu niliwahi kusoma seminari, na watu wa huku wanaamini aliyeonja Kilatini lazima anajua kuandika kumbukumbu za mkutano.

Kilatini chenyewe kimenitoka karibu chote. Yaliyobaki kichwani ni maneno machache, na mengi ni ya mikutano, kwa sababu Warumi walikuwa nayo tele na hawakuyachanganya. Kwa mfano hilo forum la mwenyekiti. Ni ndugu wa neno foris, yaani nje, mlangoni. Kabla ya hotuba za wakubwa, forum ya Roma ilikuwa uwanja wa wazi wa kuuzia na kununulia. Ukiangalia vizuri, baraza letu limetembea njia hiyohiyo. Lamu na Mombasa, baraza ni benchi la mawe nje ya nyumba, mahali pa kahawa na habari za mtaa. Baadaye neno likahamia serikalini: Baraza la Mawaziri, baraza la chifu. Lakini Lamu anayepita hukaribishwa akae. Kwa chifu, unaitwa.

Huko kuitwa nako Warumi walikuwa na neno lake, contio. Kiongozi anaitisha watu, anazungumza, na raia wa kawaida hafungui mdomo mpaka apewe ruhusa. Kura hakuna. Kama umewahi kukaa juani saa tatu ukisubiri wageni waheshimiwa wamalize kusalimiana, contio unaijua, bana.

Kupiga kura kulikuwa na mkutano wa peke yake, comitia, na huko ndiko hakukuwa na mjadala. Unasema ndiyo au hapana, unaenda zako. Kile kikubwa, comitia centuriata, kilikuwa na makundi 193, kila kundi kura moja. Kwa mpangilio wa zamani anaoueleza Livy, wapanda farasi walikuwa na makundi 18 na matajiri wa daraja la kwanza 80. Jumlisha: 98, na nusu imeshavukwa. Wasio na mali walirundikwa wote katika kundi moja, la mwisho, na wingi ukipatikana mapema kura ilisimamishwa. Hakuna aliyewafukuza uwanjani. Zamu yao tu haikufika.

Hesabu hiyo huwa inanirudisha nyumbani. Mwaka 1968 serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, na ardhi ya Wamaasai wa Kajiado ikaanza kuandikishwa kwa majina ya wanachama wenye kamati na mikutano ya mwaka. Kabla ya hapo mambo mazito yalipelekwa enkiguena, kikao cha wazee ambako watu wanazungumza, wanarudia, wanalala, wanarudi kesho, mpaka neno moja lipatikane. (Neno senatus nalo limetokana na senex, mzee. Tulipopata Seneti 1963 na tukairudisha 2013, nadhani hakuna aliyekumbuka kwamba Wamaasai walikuwa na ya kwao siku zote.) Enkiguena nayo ilikuwa ya wanaume, sitaipamba. Ila rejista ya ranchi iliufanya ubaguzi huo kuwa hati. Walioandikwa walikuwa wenye nyumba, yaani karibu wote wanaume. Ranchi ya Kitengela, hapo jirani, ilipogawanywa mwaka 1988, ilikuwa na wanachama 214. Wake zao na watoto wao hawakuwa katika hesabu hiyo.

Mwaka huo jirani yangu, ambaye sote tunamwita Yeyo, alikuwa mke kijana. Aliniambia ardhi yao iligawanywa mkutanoni na kuuzwa mezani. Mumewe alitoka asubuhi kwenda kula nyama na watu fulani wazuri waliokuja na gari, akarudi jioni ameshiba, na upande wa mashariki haukuwa wao tena. Ploti yangu iko upande wa mashariki.

Karamu kama ile kwa Kilatini ni convivium, kuishi pamoja, neno zuri sana. Lakini kuna jiwe la mwaka 136 kutoka Lanuvium, mji ulio karibu na Roma, lenye kanuni za chama cha watu wa kawaida, hata watumwa, waliochanga pesa ili wazikane. Kiingilio sesterti 100 na mtungi wa divai nzuri, kisha mchango kila mwezi. Usipolipa miezi kadhaa, mazishi yako juu yako. Chama kabisa, kama chenu! Na kanuni moja inasema mwenye lalamiko alilete kwenye mkutano, ili siku za karamu watu wale kwa amani. Walijua biashara na nyama zikikaa meza moja, kuna mtu ataumia.

Turudi kwenye geti. Tulijadili dakika arobaini, nyingi zikiwa kuhusu rangi na mshahara wa bawabu. Tukanyoosha mikono. Nikaandika: "Ilipitishwa kwa kauli moja." Halafu soda.

Jumanne geti likafungwa kwa kufuli. Jumatano alfajiri Yeyo alisimama pale na ng'ombe kumi na mmoja. Njia yetu ndiyo njia yao ya kwenda kwenye silanga. Ya pili ilizibwa na seng'enge za ploti nyingine miaka mitatu iliyopita. Hakupiga kelele. Aliniona nikitoka kwenda kazini akauliza, "Kijana, mlikaa lini?"

Nikamwambia Jumamosi.

"Nilikuwa nyumbani Jumamosi. Niliiona tenti."

Nilifungua kufuli kwa ufunguo wangu, ng'ombe wakapita, nikachelewa matatu. Tangu siku hiyo naamka saa kumi na moja na nusu kumfungulia, na bawabu anajifanya haoni.

Jana usiku nilifungua kitabu cha kumbukumbu. Siwezi kufuta kilichosainiwa, kwa hiyo chini ya "kauli moja" nimeongeza mstari: waliokuwepo, wenye ploti 19, majirani wanaotumia njia, hakuna aliyealikwa. Kisha nikaandika tangazo la kikao kingine, jina la Yeyo likiwa la kwanza kwenye orodha, ajenda ileile. Nimempelekea mwenyekiti asaini. Ameniambia tuongee kwanza Jumapili, kwake, kuna mbuzi.