Unyong'onyevu wa uzeeni: Dalili, vyanzo na namna ya kuukabili

MZEE anapoanza kutembea polepole, kuchoka mapema na kupungua mwili, kauli inayosikika katika familia nyingi ni kwamba huo ni uzee tu. Kauli hiyo huwagharimu wazee wengi, kwa kuwa wakati mwingine kinachodhaniwa kuwa uzee ni hali inayotambulika kitabibu, ambayo ikigunduliwa mapema inaweza kupunguzwa.

Hali hiyo ni unyong'onyevu wa uzeeni. Mwili hupoteza akiba yake ya nguvu kiasi kwamba msukosuko mdogo, kama vile homa ya siku mbili, kujikwaa au kubadilishiwa dawa, humlaza mzee asiweze kurejea hali yake ya awali. Unyong'onyevu si sawa na umri mkubwa. Yupo mwenye miaka 85 anayehudumia bustani yake, na yupo wa miaka 65 ambaye tayari amenyong'onyea.

Mwaka 2001, Dk. Linda Fried na wenzake nchini Marekani waliainisha dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, kuhisi uchovu wa mara kwa mara, kulegea kwa nguvu za mkono, kutembea polepole na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa amenyong'onyea, na mwenye moja au mbili yumo njiani kuelekea huko.

Katika utafiti huo uliohusisha watu 5,317 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, asilimia 6.9 walikuwa wamenyong'onyea. Baada ya miaka saba, asilimia 43 ya kundi hilo walikuwa wamefariki dunia, ikilinganishwa na asilimia 12 ya wale wasiokuwa na dalili yoyote.

Nchini Tanzania, ambako Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro ni miongoni mwa maeneo ambako watafiti wamechunguza hali hii.

Vyanzo vyake ni vingi na huchangiana. Umri ukisonga, misuli hupungua, na mzee asiyeitumia huipoteza kwa kasi zaidi. Magonjwa sugu kama kisukari, shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo na baridi yabisi huongeza mzigo, hasa yanapompata mtu mmoja kwa pamoja. Aidha, dawa nyingi zinazotumiwa kwa wakati mmoja zinaweza kuleta kizunguzungu na kuondoa hamu ya kula.

Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume. Upweke, kufiwa na mwenzi, sonona na umaskini navyo vinahusishwa na hali hii. Ndiyo maana kipato cha uzeeni ni suala la afya pia. Zanzibar ilianza kutoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, na Kenya iliupanua mpango wa Inua Jamii kwa wazee wa umri huo mwaka 2018.

Mijini kuna chanzo kingine kisichotajwa sana. Mzee anayeletwa kuishi na wanawe huzuiwa kushika kazi yoyote kwa nia ya kumheshimu, akashinda ameketi sebuleni. Heshima hiyo humnyima mazoezi aliyoyapata kijijini bila kujua.

Chakula nacho kina nafasi yake. Chai na mkate asubuhi, na uji au ugali kidogo jioni, havitoshi kujenga misuli. Wataalamu wanapendekeza mzee apate protini gramu 1 hadi 1.2 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Maharage, dagaa, mayai na maziwa vinafaa, ingawa mwenye ugonjwa wa figo apate kwanza ushauri wa daktari. Mzee asiye na meno huhitaji vyakula hivyo vipondwe au visagwe.

Hata hivyo, chakula peke yake hakitoshi. Mwaka 1994, utafiti uliofanywa Boston kwa wazee 100 dhaifu, wenye wastani wa umri wa miaka 87, ulionyesha kuwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa wiki 10 yaliongeza nguvu za misuli zaidi ya maradufu. Waliopewa lishe ya ziada bila mazoezi hawakupata nafuu hiyo.

Familia inaweza kuanza na kipimo rahisi. Mzee atembee mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia zaidi ya sekunde 5, au ikiwa nguo zimeanza kumpwaya bila sababu, apelekwe kituo cha afya pamoja na dawa zote anazotumia ili zipitiwe upya.