Sanamu ya Dedan Kimathi
Sanamu hii ya shaba imesimama katika Mtaa wa Kimathi, katikati ya jiji la Nairobi. Rais Mwai Kibaki aliizindua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza walipomnyonga Kimathi katika gereza la Kamiti. Mchongaji Kevin Oduor alimwonyesha shujaa huyo wa Mau Mau akiwa na misokoto ya nywele, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Kalamu haipo, nayo ilistahili kuwapo: Kimathi, aliyewahi kuwa mwalimu, aliandika barua nyingi akiwa msituni na kuwahimiza wapiganaji kutunza kumbukumbu. Baadhi ya maandishi hayo yalichapishwa mwaka 1987, yakihaririwa na mwanahistoria Maina wa Kinyatti. Anayeitazama sanamu hii na ayasome pia.