Chancy Chitete: Mmalawi Aliyemfia Mtanzania Vitani Beni

Katikati ya Novemba 2018, walinda amani wa Umoja wa Mataifa kutoka Malawi na Tanzania walikuwa vitani Kididiwe, karibu na mji wa Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wakishirikiana na jeshi la Congo, walikuwa wameivamia ngome ya waasi wa ADF. Waasi walijibu kwa moto mkali, ikabidi walinda amani warudi nyuma. Hapo ndipo Praiveti Chancy Chitete wa Malawi alipomwona Koplo Ali Khamis Omary wa Tanzania amelala, amejeruhiwa vibaya, hawezi kunyanyuka, na risasi bado zinamiminika.

Chitete alimfuata. Akamburuta hadi mahali penye nafuu, akaanza kumpa huduma ya kwanza ili damu isiendelee kumwagika. Kumburuta mtu mzima kunataka mikono yote miwili, na anayeburuta hawezi kulenga bunduki wala kukimbia. Kufunga jeraha nako kunataka utulivu, macho yawe kwenye damu badala ya kumtafuta adui. Chitete aliyajua hayo, maana ni mafunzo ya kila askari, na bado akainama kumhudumia mwenzake. Akiwa katika kazi hiyo alipigwa risasi iliyokatisha maisha yake. Omary alipona.

Umoja wa Mataifa ulipoteza walinda amani kadhaa katika mapigano hayo, wengi wao Wamalawi.

Kilichowafikisha pale kilianza zamani. ADF ni kundi lililozaliwa na uasi wa Uganda miaka ya 1990, likajichimbia katika misitu ya Kivu Kaskazini. Kuanzia mwaka 2014 raia wa Beni na vijiji vyake waliuawa kwa wingi, wengi wao kwa mapanga. Mwaka 2013 Baraza la Usalama lilikuwa limeunda kikosi cha kujibu mashambulizi, FIB, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, kilichopewa idhini ya kuwafuata waasi walikojificha. Tanzania ililipa gharama kubwa: Desemba 2017 shambulio la waasi kwenye kambi ya Semuliki liliua askari wake 15. Mwaka uliofuata Ebola ikaingia Beni, na kila waasi waliposhambulia, kazi ya kuwachanja watu na kuwafuatilia wagonjwa ilisimama. Operesheni ya Kididiwe ililenga kuwaondolea wananchi adha hiyo.

Ukitazama ramani, tendo la Chitete linazidi uzito. Mwaka 2012 mzozo wa mpaka katika Ziwa Nyasa ulipamba moto kati ya Lilongwe na Dar es Salaam, na wavuvi wa pande zote mbili wakaishi kwa wasiwasi. Mwaka mmoja baadaye vijana wa nchi hizo hizo walivaa kofia za buluu na kuwa kikosi kimoja. Ziwa lililowagombanisha wakubwa halikuwazuia askari kutazamana kama ndugu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Kididiwe dhiki ilikuwa ya kufa na kupona.

Mei 2019, jijini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya ujasiri wa kipekee. Nishani hiyo imepewa jina la mlinda amani wa Senegal aliyeokoa mamia ya watu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, kabla ya kuuawa Mei 31, 1994. Ilianzishwa mwaka 2014, na familia ya Diagne mwenyewe ndiyo iliyoipokea kwanza, mwaka 2016. Chitete akawa wa kwanza kutunukiwa baada yake.

Historia za vita hupenda kuhesabu maadui waliouawa. Ya Chitete inahesabu mtu mmoja aliyebaki hai, naye ni Mtanzania. Kwa hiyo deni la kumkumbuka haliko Malawi peke yake. Jina lake linastahili kufundishwa Kyela na Mbamba Bay kama linavyostahili kufundishwa Karonga, ili watoto wanaokulia kando ya ziwa hilo wajue kwamba kijana wa ng'ambo alikubali kufa ili mwenzao arudi nyumbani.