Mashine Iliyopachikwa Tezini

Kwa karne nyingi mvuvi wa pwani yetu hakuwa na saa ila upepo. Alitoka alfajiri, umande ukimsukuma kwenda nje, akarudi alasiri kwa upepo wa bahari. Upepo ulipokufa na shwari kutanda, hapakuwa na msaada mwingine ila makasia, kafi na pondo. Samaki nao hawakumngoja. Jodari aliyevuliwa saa nne ya asubuhi, akafikishwa pwani saa mbili ya usiku, hauzwi kwa bei ya jodari. Basi, msomaji, usikiapo leo mlio wa mashine ndogo tezini mwa mashua inayotoka Lamu, Malindi au Shimoni, tambua kwamba unasikia kitu kilichobadili hesabu ya siku ya mvuvi. Walakini kitu hicho hakikubuniwa kwa ajili ya mvuvi. Kilibuniwa kwa ajili ya watu waliokwenda ziwani kustarehe.

Mashine ninayoisema ni ile inayofungwa kwa vibano nje ya chombo, juu ya ubao wa tezi. Injini iko juu, mhimili mrefu unashuka majini, na mwisho wa mhimili kuna meno yanayougeuza mzunguko ulale, ukaizungushe rafadha, au panga, kama wavuvi wengi wanavyoiita. Fadhila yake kubwa ni kwamba yaweza kutolewa. Mashine iliyojengwa ndani ya chombo ni mali ya chombo hicho peke yake. Hii hupachikwa leo kwenye mashua ya baba, kesho kwenye ngalawa ya mjomba iliyotengenezewa ubao wake, na usiku ikalala nyumbani chini ya kitanda, mbali na wezi.

Ni nani aliyeibuni? Hapo pana ugomvi. Mfaransa Gustave Trouvé alipachika mtambo wa umeme juu ya usukani wa mashua katika mto Seine, mjini Paris, mwaka wa 1881, na mtambo huo uliweza kuondolewa kwa mikono. Lakini umeme wake ulitoka katika betri za dawa, nzito na za muda mfupi. Mwaka wa 1896 kampuni moja ya New York iliuza mashine za petroli za kupachika, nazo zikasahauliwa upesi. Kisha akaja Cameron Waterman, mwanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Yale. Yasemwa kuwa alikuwa ameifunga injini ya pikipiki yake nyuma ya kiti ili aitengeneze, akaiona inavyozunguka hapo, akawaza kwamba kama kiti kingekuwa mashua, injini ingeisukuma. Aliijaribu mashine yake katika mto Detroit mwaka wa 1905, akapata hataza mwaka wa 1907. Kwa hiyo anayesema kuwa Ole Evinrude ndiye aliyekuwa wa kwanza hasemi kweli. Hata hivyo jina lililokaa midomoni mwa watu ni la Evinrude, wala si bure.

Ole Evinrude alizaliwa Norwei mwaka wa 1877, akachukuliwa na wazazi wake angali mdogo kwenda Marekani, katika jimbo la Wisconsin, nchi yenye maziwa mengi. Baba yake alikuwa mkulima na alitaka mwanawe awe mkulima. Husimuliwa kuwa kijana alipounda mashua kwa siri, baba aliigundua akaichoma moto. Naye kijana, pasipo maneno mengi, akaanza kuunda nyingine. Sijui kama kila neno la kisa hiki ni sahihi, lakini kinalingana na maisha yake yaliyofuata. Alipofika umri wa miaka kumi na sita aliondoka nyumbani akaenda mji wa Madison kutafuta kazi katika karakana. Alifanya kazi Pittsburgh na Chicago pia, akajifunza kuchonga kalibu za chuma, kisha akatulia Milwaukee. Huko alijaribu biashara ya injini zaidi ya mara moja, na biashara zikamwangukia. Alikuwa fundi hodari, lakini daftari la hesabu lilikuwa adui yake.

Hesabu zake zilishikwa na Bess Cary, binti aliyesomea mambo ya biashara. Katika mwaka wa 1906 wawili hawa walikwenda matembezi pamoja na rafiki zao katika ziwa Okauchee. Siku ilikuwa ya joto kali, Bess akatamani aiskrimu. Ole akapiga makasia maili mbili na nusu kwenda kuinunua, na aliporudi ilikuwa imekwisha yeyuka. Ndipo, wasema wasimulizi, alipowaza juu ya mashine ya kusukuma mashua. Kisa ni kitamu, na wauzaji wa mashine walikipenda. Mimi nakiamini nusu. Watu wengi wameyeyukiwa na aiskrimu wasibuni kitu. Ole alikuwa na miaka mingi ya kuhangaika na injini nyuma yake, na mkono uliochoka kwa makasia ulimwonyesha tu mahali pa kuielekeza elimu aliyokuwa nayo.

Waliooana mwaka ule ule walikuwa mafukara. Mashine ya kwanza ilipokamilika, Bess alipoitazama aliifananisha na kinu cha kusagia kahawa. Ole aliirekebisha, na mwaka wa 1909 zikaanza kuuzwa: silinda moja iliyolala, gurudumu zito juu lenye kishikio cha kuzungushia kwa mkono, nguvu ya farasi mmoja na nusu, uzito wa ratili 62, yaani karibu kilo 28, na bei ya dola 62. Hapakuwa na ajabu kubwa ndani yake. Ajabu ilikuwa kwamba iliwaka, na mtu asiye fundi aliweza kuiendesha.

Aliyezitangaza ni Bess. Aliandika tangazo la maneno machache lililowahimiza watu wasipige makasia tena, bali wayatupe na kutumia mashine ya Evinrude. Barua zikaja nyingi kuliko walivyoweza kujibu. Tena wafanyabiashara wa nje wakaagiza mashine kwa ajili ya wavuvi wa Norwei na nchi jirani zake, na hapo mashine ya starehe ikaingia katika kazi. Vitabu vingi humtaja mama huyu kwa ajili ya aiskrimu tu. Naona huko ni kumpunja. Waterman alikuwa na mashine kabla ya Ole. Alichokosa ni mtu aliyejua kwamba chombo kisichojulikana na wanunuzi ni sawa na chombo kisichokuwapo.

Kazi hiyo ilimgharimu afya yake. Mwaka wa 1914 Ole aliuza sehemu yake ya kampuni kwa mshiriki wake, Chris Meyer, akaahidi kutoshindana naye kwa miaka mitano, akamchukua mkewe na mwanawe wakasafiri ili mama apumzike. Fikiri, msomaji: jina lake mwenyewe liliandikwa juu ya mashine, naye hakuwa na haki tena ya kuunda hata moja. Lakini hakuacha kuchora. Muda wa ahadi ulipokwisha alikuwa na mashine mpya ya silinda mbili, ambayo sehemu zake nyingi zilikuwa za alumini, yenye uzito wa ratili 48 tu. Akampelekea Meyer kwanza. Meyer akaikataa. Basi mwaka wa 1921 mume na mke wakafungua kampuni mpya wakaiita Elto, wakaanza kushindana na jina lao wenyewe.

Katika historia yote hii hakuna jambo nilipendalo kama hizo ratili zilizopungua. Mtu wa mjini huhesabu nguvu za farasi. Mtu wa pwani huhesabu kwanza bega lake. Maji yakupwapo, mashine lazima ibebwe juu ya mchanga na matope mpaka nyumbani, na tofauti ya kilo sita huonekana kila jioni. Ndugu wa jamaa ya Johnson, wa jimbo la Indiana, walilielewa hilo pia, wakatoa baada ya muda mfupi mashine ya ratili 35. Ushindani ukawa mkali, na mwaka wa 1929 kampuni ya Elto na ile ya Evinrude zikaungana pamoja na kampuni ya tatu, Ole akiwa kiongozi wake, hivyo jina lake likamrudia. Bess alifariki mwaka wa 1933, na Ole akamfuata mwaka wa 1934. Mwana wao Ralph akaendelea na kazi, na mwaka wa 1936 kampuni ya Johnson nayo ikaunganishwa.

Katika mwaka ule ule aliokufa Ole, mwandishi Ernest Hemingway alivua samaki Malindi, na wageni wapendao kuvua kwa burudani wamekuwa wakija pwani yetu kutafuta nduaro, sulisuli na nguru. Kwa uvuvi wa kurambaza, ambao mshipi hukokotwa nyuma ya chombo kwa mwendo usiobadilika, mashine ni bora kuliko tanga, kwa sababu upepo haujui kushika mwendo mmoja. Yamaha wa Japani walitoa mashine yao ya kwanza ya kupachika mwaka wa 1960, na leo jina lao ni maarufu katika bahari yetu na katika ziwa Viktoria. Huko ziwani, mbuta walipoongezeka sana katika miaka ya 1980 na viwanda vya minofu vikataka samaki wabichi, mwenye mashine alifika mapema na mwenye kafi akachelewa. Pengo kati yao likawa pengo la utajiri, na wengi waliingia katika madeni ili kulivuka.

Sasa nakuomba, msomaji, usogee karibu na mashine yenyewe, maana yule anayeitegemea maili kumi kutoka nchi kavu ameweka roho yake ndani ya vitu vidogo sana. Petroli yenye maji humzimisha injini katikati ya mkondo. Kwa sababu hiyo huchujwa kabla ya kumiminwa. Injini za zamani za mapigo mawili hazina akiba ya oili ndani yake, bali huilamba oili iliyochanganywa na petroli, mara nyingi sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Akisahau kuichanganya, pistoni hukwama kwa joto, na safari imekwisha. Injini ikiwaka, jicho la kwanza litazame nyuma: uzi wa maji lazima utoke katika tundu lake. Maji hayo yamevutwa na pampu yenye mapezi ya mpira yakapita kuipoza injini. Uzi ukikatika, zima mara moja. Huenda ni mfuko wa plastiki au mwani umeziba, au mapezi yameliwa na mchanga.

Mashine nyingi ndogo zina pini ya chuma laini inayoshikamanisha rafadha na mhimili wake. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika, na meno ya ndani yakapona. Ni akili nzuri sana: kitu cha bei ndogo kimewekwa makusudi kife kwa niaba ya kitu cha bei kubwa. Lakini akili hiyo yamfaa tu aliyechukua pini ya akiba na koleo. Kadhalika kipande cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha huliwa na chumvi badala ya alumini. Mtu akikipaka rangi apate kupendeza, amekinyima kazi yake. Na ile kamba fupi ya kuzimia hufungwa mkononi mwa nahodha, ili akianguka majini mashine ife, isije ikamgeukia na panga lake.

Chumvi ndiyo adui asiyelala. Baada ya safari ya baharini mashine huendeshwa kwa maji baridi, ndani ya pipa, mpaka njia zake zioshwe. Oili ya meno ya chini ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamekwisha ingia. Na kama mashine imezama, yeyote asiidhanie kuwa salama kwa kuwa imeopolewa. Yapasa ioshwe kwa maji matamu, plagi zitolewe, izungushwe kwa kamba mpaka maji yatoke, itiwe oili na kuwashwa siku ile ile, kwa maana kutu huanza mara hewa inapokutana na chuma chenye chumvi.

Injini za mapigo mawili za aina ya zamani zilikuwa nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini zilitapika sehemu ya petroli yao majini bila kuichoma. Serikali ya Marekani iliweka kanuni mwaka wa 1996 za kupunguza uchafu huo, na viwanda vikaelekea kwenye mapigo manne. Hizo hunywa kidogo na zina sauti ya chini, ila ni nzito, na fundi wa ufukoni mwenye spana tatu na waya wa kusafishia kabureta hazimwelewi upesi. Kampuni iliyounganishwa mwaka wa 1936 ilifilisika mwaka wa 2000, jina likanunuliwa na wengine, nao mwezi wa Mei mwaka wa 2020 wakatangaza kuwa hawataunda tena mashine za Evinrude. Zilizokwisha uzwa bado zinaishi kwa kuazimana viungo: moja iliyokufa hufunguliwa, kabureta ikaenda kwa huyu, gurudumu kwa yule. Nayo makasia, ambayo Bess aliwahimiza watu wayatupe, bado hulazwa ndani ya mashua ya kila nahodha mwenye busara, yamefungwa kwa kamba chini ya ubao wa kukalia.